Timu ya Tabora ni ya Nani?

(Maelezo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Juma lililopita nilikuwa nimekaa barazani kwangu, Chemchem, hapa mjini Tabora, alipopita mtoto wa jirani akitoka shule. Alinipa shikamoo yake kama kawaida, nikamwitikia, kisha akasimama akiitazama fulana niliyovaa. Ilikuwa jezi ya Tabora United, imekwisha kupauka kwa jua na sabuni, na maandishi ya kifuani yameanza kubanduka. Akaniuliza: "Babu, hiyo timu bado ipo?"

Mimi ni mtu wa maneno, na ni nadra kukosa jibu. Siku ile nilikosa. Ningemwambia ipo, angeitafuta kwenye msimamo wa ligi asiione. Ningemwambia haipo, ningekuwa nimedanganya, kwani nafasi yake ya ligi ipo, uwanja upo, na watu wake tupo. Kilichoondoka ni jina. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliichukua timu ile, na kuanzia msimu wa 2025/26 ikaingia uwanjani ikiitwa TRA United. Nikamwambia mtoto aende kwanza nyumbani akale, jibu lake atalikuta. Leo naomba unisaidie kulitafuta.

Kwanza nikiri jambo moja. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mnazi. Vijana wa leo wanasema shabiki. Sisi tulisema mnazi, na mnazi haulizwi sababu. Timu yangu ilikuwa mojawapo ya zile mbili za Kariakoo. Sitaitaja ni ipi, maana nikiitaja nusu ya wasikilizaji watazima redio, na nusu nyingine watakubali kila nitakalosema bila kulichunguza.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Redio yetu ilikuwa ya betri, na siku ya mechi kubwa betri zile zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu za kutufikisha dakika ya tisini. Majirani walikuja na vigoda vyao chini ya mwembe. Mtangazaji akisema mpira uko winga ya kulia, sote tuligeuza vichwa kulia, kana kwamba mpira ule ungetokea nyuma ya jiko la mama. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa kwa njia ya reli, na wengi wa waliokaa chini ya mwembe ule hawakuwahi kuiona. Lakini niliwaona watu wazima, wenye wajukuu, wakinyimana salamu wiki nzima kwa ajili ya bao lililofungwa huko na mtu wasiyemjua na asiyewajua.

Wageni wakija mjini kwetu hulishangaa jambo hili. Husema: ninyi watu wa Tabora mna historia ndefu kuliko miji mingi ya bara, inakuwaje mioyo yenu iko Msimbazi na Jangwani? Mimi nadhani historia yenyewe ndiyo iliyotupeleka huko.

Chukua neno "watani wa jadi", ambalo kila mtangazaji hulitumia Simba na Yanga zinapokutana. Utani haukuanzia uwanjani. Ni desturi ya kale, na njia ya misafara iliusambaza sana baina ya makabila. Mnyamwezi aliyeshuka pwani na mzigo wa kilo thelathini na zaidi begani, akiwa ametembea miezi, alimkuta Mzaramo ambaye ni mtani wake. Aliweza kumtukana bila ugomvi, akamnyang'anya chakula mkononi, naye akatukanwa na kunyang'anywa vilevile. Na kama mmoja alifikwa na mauti, mtani alikuwa na kazi yake msibani, ambayo hata ndugu hakuruhusiwa kuifanya. Ilikuwa njia ya watu wageni kuishi pamoja bila kuuana. Ukiona leo mashabiki wawili wa timu hasimu wanatupiana maneno makali kwenye basi kisha wanashuka na kununuliana chai, hiyo ni desturi ya njia kuu.

Kisha lichukue jina la Kariakoo lenyewe. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa pale. Humohumo Kariakoo upo Mtaa wa Nyamwezi. Kwa hiyo mechi ile inayolisimamisha taifa zima ni mechi ya watani, kwenye eneo lililopewa jina la wapagazi. Mzee wa Tabora akiiona kuwa ni yake, hajaiba kitu cha mtu.

Lakini kuwa na sehemu katika timu za wenzako hakukuzuii kutaka ya kwako. Na hapo ndipo mji wetu umeteseka.

Watu wa rika langu wanaikumbuka Milambo. Katika miaka ya 1990 ilicheza na vigogo, na wakija hapa Tabora hawakuja wakicheka. Jina lile, msikilizaji, lina kisa. Milambo ndivyo Wanyamwezi wanavyomtamka Mtemi Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora waliondoka na jeshi kwenda kumpiga, na Stanley, aliyekuwa hapa akielekea kumtafuta Livingstone, akafuatana nao. Walirudi mbio. Mirambo akawafuata hadi hapa mwezi Agosti, akachoma sehemu ya mji. Kwa lugha ya mpira, alitufunga nyumbani, tena mabao mengi. Na bado mji uleule ukaja kuipa timu yake jina lake, na shule ya sekondari, na kambi ya jeshi. Kwa nini? Kwa sababu muda ulipita, watu wakamkubali kuwa ni wao, fahari yake ikawa fahari yao. Naomba ulishike jambo hili, maana nitalirudia, na litanipa taabu katika hoja yangu mwenyewe.

Baada ya Milambo kutoweka kwenye ligi ya juu tulikaa muda mrefu tukitazama za wenzetu. Msimu wa 2013/14 ikapanda Rhino Rangers, timu ya wanajeshi. Mechi yake ya kwanza ilikuwa na Simba katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, ikaisha mabao 2-2, na usiku ule Tabora haikulala. Walipanda pamoja na Ashanti United na Mbeya City. Mbeya City ilimaliza msimu ikiwa ya tatu, sisi tukashuka. Sina la kusema zaidi juu ya msimu ule. Ulikuwa mfupi, na uliuma.

Ndipo ikaja Kitayosce. Hii haikuzaliwa hapa. Asili yake ni Kilimanjaro. Ilihamia Tabora, ikacheza ligi ya chini ya Ligi Kuu, na katika msimu wa 2022/23 ikamaliza ya pili nyuma ya JKT Tanzania, ikapanda. Watu wa mjini walikuwa hawajazoea hata kulitamka jina lenyewe. Nilimsikia mama mmoja sokoni akiiita "Kitayosi", mwingine "Kitayoche". Lakini walikuwa wanaiita, na hilo lilikuwa jambo jipya.

Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ilikuwa Agosti 2023, ugenini kwa Azam, Chamazi. Nadhani hakuna shabiki wa Tabora atakayeisahau. Timu iliingia uwanjani na wachezaji wanane. Wanane, ndugu msikilizaji, si kumi na mmoja, kwa sababu usajili wa wengine ulikuwa haujakamilika. Zikapita dakika chache, Feisal Salum wa Azam amekwisha kufunga matatu peke yake, ubao unasomeka 4-0. Wawili wa kwetu wakashindwa kuendelea, wakabaki sita, na sheria za mpira haziruhusu timu kucheza ikiwa na watu pungufu ya saba. Mwamuzi akamaliza mechi hata nusu saa haijafika. Nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja karibu na nyumbani. Mwenye kibanda alituonea huruma, akaturudishia nusu ya kiingilio.

Nchi nzima ilicheka. Mimi nilikumbuka vitabu vya historia. Misafara ya zamani iliyotoka pwani ilikuwa na desturi: wapagazi wengi waliajiriwa kufika Unyanyembe tu, yaani hapa kwetu. Wakifika walilipwa, wakatawanyika, wakarudi makwao kulima. Mwenye mali aliyetaka kuendelea Ujiji au Karagwe alilazimika kukaa na kutafuta wengine. Burton alifika Kaze, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani, na alikwama zaidi ya mwezi mmoja akisubiri watu. Pembe zipo, shanga zipo, vitambaa vipo, bendera ya kirangozi ipo, mabega ya kubeba hakuna. Kitayosce siku ile ilikuwa msafara wa namna hiyo. Jezi zilikuwapo na jina lilikuwa kwenye ratiba, wabebaji ndio hawakutosha.

Timu za mpira wa kisasa zote zina wapagazi, wachezaji wanaoajiriwa kwa safari moja au mbili. Simlaumu mchezaji anayefuata mshahara wake. Mpagazi aliyekimbia msafara kwa kunyimwa posho aliitwa mtoro katika vitabu vya Wazungu, lakini ukisoma vizuri unakuta mara nyingi mwajiri ndiye aliyevunja mkataba kwanza. Swali langu ni kuhusu mwenye bendera. Wapagazi wakibadilishana, nani anabaki na bendera?

Tukaendelea. Jina likageuzwa, timu ikaitwa Tabora United, na waandishi wakatupa jina la utani, Nyuki wa Tabora. Hilo lilitukaa vizuri. Asali ya Tabora inajulikana hadi ng'ambo, na kila mtu hapa ana mjomba mwenye mizinga porini. Msimu ule wa kwanza tulinusurika kwa taabu. Tulitumbukia katika mechi za mchujo, JKT Tanzania wakatushinda, ikabidi tupigane na Biashara United ya Mara kuamua nani atacheza Ligi Kuu. Tukabaki. Nilichinja kuku.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2024. Tarehe ileile ya Burton, ukitaka kuamini mambo hayo. Mimi niliigundua baadaye, na sidai kwamba ina maana yoyote. Yanga walikuwa bingwa mtetezi, wanacheza nyumbani Chamazi. Siku chache kabla walikuwa wamefungwa na Azam bao 1-0, na kila mtu aliamini watamalizia hasira zao kwetu. Kibanda umiza kilijaa wana Yanga wa Tabora waliokuja kuburudika, na wana Simba wa Tabora waliokuja kuwaombea mabaya. Wana Tabora wa Tabora, kwa hesabu yangu, tulikuwa wanane. Ndiyo, wanane.

Asiegbu akatangulia kufunga. Kibanda kikanyamaza kidogo, kisha watu wakasema ni bahati. Offen Chikola akaongeza la pili kabla ya mapumziko. Sasa wana Simba wakaanza kuimba, lakini waliimba nyimbo za Simba. Kipindi cha pili Chikola huyohuyo akafunga la tatu, na hapo ndugu msikilizaji nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona katika maisha yangu ya unazi. Kijana mmoja aliyekuwa amevaa jezi ya Yanga, ambaye tangu mwanzo alikuwa akitutukana, aliinuka, akasimama kama sekunde tano, akaivua ile jezi, akabaki kifua wazi, akaanza kupiga kelele: "Tabora! Tabora!" Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa na kupata mtoto kwa saa moja. Yanga walipata bao la kufutia machozi dakika za mwisho kabisa. Mechi ikaisha 3-1.

Na mimi? Nimekwisha kukataa kukwambia timu yangu ya zamani ni ipi, lakini nitakwambia hili: usiku ule niligundua kwamba imekuwa timu yangu ya zamani. Miaka thelathini ya betri kuanikwa juani ilikwisha kwa dakika tisini. Siku chache baadaye Yanga ikaachana na kocha wake, Miguel Gamondi. Watu wa Dar es Salaam wanaikumbuka mechi ile kama mechi iliyomwondoa kocha. Sisi tunaikumbuka kwa mambo mengine.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini haiishii. Februari 2025 Simba walikuja hapa wakatufunga 3-0. Aprili wakaja Yanga, nao wakatufunga 3-0. Kufungwa ni sehemu ya mchezo, sina neno. Kilichoniuma ni rangi za majukwaa. Mara ya kwanza nilikaa katikati ya wekundu, mara ya pili katikati ya kijani na njano, na hawakuwa wageni waliokuja kwa treni. Walikuwa majirani zangu, watu tunaochota maji pamoja na kuzikana. Kila bao lilipoingia katika wavu wetu, uwanja wetu ulishangilia. Mchezaji wa Tabora akienda kurusha mpira alizomewa na watu wa Tabora. Nilimtazama beki mmoja kijana akigeuka kuangalia jukwaani, na nikaona aibu.

Hapo lazima tujiulize wenyewe kabla ya kumuuliza mtu wa TRA. Timu ile ilimaliza msimu wa 2024/25 ikiwa ya tano, nafasi ambayo hata Milambo tungeifurahia, lakini mapato ya mlangoni yaliyokuwa na maana ni ya siku mbili, siku za Simba na Yanga. Siku nyingine tulikuwa wachache tukijuana kwa majina. Timu ya mpira ina mishahara, usafiri, hoteli, dawa za misuli. Anayelipa ndiye anayeamua, na wengi wetu hatukulipa. Julai 2025 Chikola, mpiganaji wetu wa Novemba, akasajiliwa na Yanga haohao aliowafunga. Mpagazi hodari huajiriwa na msafara mkubwa. Nilimtakia heri, nikaenda kulala mapema.

Basi TRA wakaja. Nikiri kwamba nilipoisikia habari ile kwanza nilicheka, kwa sababu Tabora na kodi ni watu wanaojuana tangu zamani. Mtemi Mnywasele alipomrithi Fundikira alitaka wafanyabiashara wa Kiarabu walipe kodi ya bidhaa zao. Hawakupenda. Speke alipopita tena hapa mwaka 1861 alikuta Mnywasele amekwisha kuondolewa kwenye kiti, Mkasiwa amewekwa mahali pake, na vita vinaendelea porini hadi Mnywasele alipouawa mwaka 1865. Mirambo naye aliitajirisha himaya yake kwa hongo iliyotozwa misafara. Kwa hiyo mtoza ushuru kushika timu ya Tabora ni mambo yanayofanana na mji huu kuliko watu wanavyodhani.

Mzaha kando. Zipo hoja nzito za upande wa TRA na sitaki kuzificha. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1975, klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo. Iko wapi? Tukuyu Stars ilitoka mji mdogo milimani kule Mbeya, ikachukua ubingwa mwaka 1986, na muda si mrefu ikashuka. Zilikuwa timu za watu kwelikweli, zina mapenzi ya mji mzima, na mapenzi yale hayakulipa hata nauli. Timu yenye shirika nyuma yake hailali njaa. Mtu aliyeiona timu yake ikiingia uwanjani na wachezaji wanane hana haki ya kudharau mshahara unaolipwa kwa wakati. Mimi niliiona, na sidharau.

Kubadili jina nako si dhambi mpya. Simba ilikuwa Sunderland hadi mwaka 1971, na leo mzee gani wa Msimbazi anaililia Sunderland? Lakini tazama tofauti. Sunderland ilipokuwa Simba, wanachama walikuwa walewale, mtaa uleule, na kadi zilibadilishwa maandishi tu. Siku hizi tumezoea biashara nyingine. Timu inauzwa na daraja lake kama duka na leseni yake. Ihefu ya Mbarali iliamkia Singida mwaka 2024 ikiitwa Singida Black Stars, na watu wa Mbarali wakabaki na uwanja na kumbukumbu. Sisi wa Tabora hatuna haki ya kunyoosha kidole kwa sauti kubwa, kwani Kitayosce ilikuja kwetu kwa njia hiyohiyo. Kuna mtu Moshi alikuwa na jezi iliyopauka kama yangu, na mimi nilikuwa nikishangilia.

Ndiyo maana kisa cha Mirambo kinanipa taabu. Kama mji uliweza kulichukua jina la mtu aliyeuchoma na kulifanya lake, kwa nini usiweze kulichukua jina la mamlaka ya kodi? Nimelifikiria sana hilo nikiwa barazani. Jibu ninaloliona ni kwamba jina la Mirambo tulilichukua wenyewe. Watu walilichagua, wakalitia kwenye nyimbo zao, wakawapa watoto wao. Hili la sasa tulilisoma gazetini kama wasomaji wengine wote. Hakuna aliyetuita mkutanoni, na wala hakulazimika kutuita, kwa sababu hakuna mtu hapa Chemchem, Gongoni au Ipuli aliyekuwa na kadi ya uanachama ya kuonyesha mlangoni. Tulikuwa watazamaji, na mtazamaji haki yake inaisha filimbi inapolia.

Ninachowaomba wenye timu, kwa heshima, ni vitu vichache. Timu icheze hapa, mechi zake zote za nyumbani, hata zile za Simba na Yanga ambazo siku hizi watu hushawishika kuzihamishia kwenye viwanja vyenye viti vingi. Watoto wa shule zetu waonwe. Mkoa uliomsomesha Mwalimu Nyerere hauwezi kukosa vijana watatu wa kukaa benchi. Na neno Tabora lirudi mahali fulani kwenye jezi, hata kama ni mgongoni kwa herufi ndogo. Sisi nasi tuwape kitu. Wakifungua daftari la wanachama, foleni iwepo. Wakiifungua ofisi asubuhi wakamkuta mzee mmoja tu na jezi yake kuukuu, watakuwa wamejibiwa.

Kwa wana Simba na wana Yanga wa Tabora sina ugomvi. Nilikuwa mmoja wenu na najua ugonjwa ulivyo. Endeleeni kupenda. Naomba siku mbili tu katika mwaka, siku ambazo wakubwa wenu wako katika mji wetu. Mtani wa kweli humtania mwenzake, lakini hajisahau kwao ni wapi.

Yule mtoto alirudi Ijumaa kudai jibu lake, maana watoto hawasamehi deni. Nikamwambia kesho yake kuna mechi, aombe ruhusa kwa mama yake twende akajionee mwenyewe. Tukaenda kwa miguu. Nilivaa jezi yangu. Kwenye ubao jina lilikuwa limeandikwa vizuri, TRA United, akalisoma kwa sauti kama wanavyofundishwa shuleni, kisha akaniuliza tushangilie jina gani. Nikamwambia asikilize kwanza wenzetu wanasema nini. Hatukuwa wengi upande ule. Nyuma yetu alikuwa mama anayeuza karanga, hakuwa hata akitazama mpira vizuri kwa sababu ya wateja, lakini kila tulipovuka nusu ya uwanja aliinua kichwa na kuita, "Nyuki! Nyuki!" Kufikia mapumziko mtoto naye alikuwa anaita hivyo.

Tukiwa njiani kurudi aliniomba nimpe ile jezi. Nilimkatalia. Ni kubwa kwake, na mimi bado naivaa.